Neno Lenye Nyota

Kamusi ilikuja ndani ya katoni la sabuni
kutoka stoo ya misheni, hapa Nyangao,
pamoja na pasi ya mkaa na madaftari ya hesabu za mahindi.
Sista Adelgunda akasema: Gebhardi, chukua.
Mchwa wamekula mpaka herufi F.
Kuanzia G ni yako.

Mimi ni fundi wa makaburi.
Nachimba, namwaga zege, kisha kwa msumari wa inchi sita
naandika jina kabla saruji haijakaza.
Kijerumani sikijui,
ila jina langu linakijua.

Sista akavaa miwani, akasoma: graben.
Kuchimba.
Na pembeni, kwa wino mwembamba, neno jingine
lenye kinyota mbele yake kama upele: *grabaną.

Nyota ya nini, Sista?

Hili, akasema, hakuna aliyelisikia.
Hakuna aliyeliandika.
Wamewakuta watoto tu: Mswidi anasema gräva,
Mholanzi graven, wa Aislandi grafa,
wakawapanga uani kama siku ya kugawa mirathi,
wakatazama pua, wakatazama visigino,
wakasema mama yao lazima alikuwa hivi.

Nikaikumbuka Tendaguru.
Watu wa huku walichimba mifupa
ya mnyama ambaye hakuna aliyemwona,
wakaibeba kichwani, siku kwa siku, mpaka Lindi bandarini.
Huko Ulaya wamemsimamisha.
Palipokosekana mfupa wametia plasta.
Basi nyota ni plasta, nikasema.
Sista akacheka mpaka akavua miwani.

Lakini waliosema graben hawakuchimba.
Walichimbisha.
Lugha yangu ina silabi ya jambo hilo,
fupi, inakaa tumboni mwa neno
mahali unapokaa mzigo.

Tukaendelea kusoma.
Kwa Mwingereza kitenzi chenyewe kilikufa,
akabaki na kaburi lake.
Mfaransa aliazima, akaenda nalo kwa sonara,
likajifunza kuchonga herufi kwenye fedha.
Nikatazama mikono yangu:
shimo na jina, kazi zangu zote mbili,
zamani zilikuwa neno moja.

Na hili hapa, Grab? Nikaruka.
Kaburi! Sista, hawa ni ndugu!
Akatikisa kichwa. Kaburi limetoka Uarabuni.
Wamefanana tu,
kama wewe na yule kinyozi wa Mtama.

Usiku sikulala vizuri.
Mke wangu, Mmakua wa Masasi, akichimba husema othipa.
Jirani yetu Mmakonde husema kuhimba.
Mimi nasema kuchimba, hasa ninapodai bei.
Nani ametupanga sisi uani?
Nani ametutazama visigino?
Nikalitamka polepole gizani, chimba, chimbua, chimbuka,
mpaka nikafika chimbuko,
nikakaa kitandani.
Kumbe hata kuuliza neno limetoka wapi
ni kushika jembe.
Mke wangu akasema: lala, kesho una kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Siprian Mchopa.
Shimo la urefu wa mkono na nusu.
Mtoto hakulia.
Hakubatizwa, hakuitwa.
Mama yake alikuwa bado wodini.
Siprian alisimama na kofia mkononi
akitazama saruji inavyonywa maji.
Nikamuuliza, niandike nini?
Akafungua mdomo.
Akaufunga.
Kwenye midomo yake niliona ukoo mzima,
Mchopa aliyemzaa Mchopa,
na mahali pamoja patupu.

Saruji haisubiri.
Nikachukua msumari,
nikachora mistari mitatu midogo
inayokatana katikati.

Ni nini hiyo? akauliza.

Nikamwambia.
Akainama, akaigusa kwa kidole kabla haijakauka,
na alama ya kidole ipo mpaka leo.